Nyungunyungu wa Bustani si Minyoo wa Tumboni

Kama sufuria iko jikoni, punguza moto kidogo, uketi tuzungumze.

Leo tunazungumza juu ya mbolea inayotengenezwa na nyungunyungu, wale viumbe wekundu laini unaowaona ukifunua samadi iliyokaa. Najua mama mmoja tayari ameshtuka. Anasema, “Minyoo nyumbani kwangu? Na huyu mtoto wangu anayetambaa je? Juzi tu amepewa dawa ya minyoo kliniki!”

Mama, swali lako ni zuri. Tulijibu kwanza, kabla ya kushika ndoo.

Nyungunyungu hawezi kuishi tumboni mwa mtu. Chakula chake ni majani na maganda yaliyooza, na makao yake ni udongo wenye unyevu. Minyoo wanaomsumbua mtoto ni wengine kabisa. Hao huishi katika matumbo ya mtu, na mayai yao hutoka pamoja na kinyesi. Mnyoo mmoja wa kike wa ile aina ndefu ya mviringo anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hayaonekani kwa macho, na yanaweza kukaa udongoni miezi mingi, hata miaka. Mtoto akishika udongo huo kisha atie kidole kinywani, ameyameza. Wako pia minyoo wa safura. Hao huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu, nao hunyonya damu mpaka mtoto akapungukiwa na damu.

Kwa hiyo, mama, usimwogope nyungunyungu. Kinachostahili kuogopwa ni kinyesi.

Sasa, kwa nini tujisumbue na mbolea hii? Mtoto akifikisha miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena. Aendelee kunyonya, lakini aanze pia kula vyakula vingine, na mboga za majani ziwemo. Terere, managu, saga, kunde na sukuma wiki zina vitamini A ya kulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Zina pia madini ya chuma ya kusaidia kutengeneza damu. Mboga za sokoni zinataka pesa kila siku, na mbolea ya dukani ina bei. Lakini maganda ya viazi na ya ndizi unayatupa kila siku. Nyungunyungu atakugeuzia maganda hayo yawe mbolea.

Tuanze kazi. Tafuta ndoo kuukuu ya lita 20, au mtungi uliokatwa ubavuni. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa matundu kama 10 chini ili maji yatoke, na mengine karibu na ukingo wa juu ili hewa iingie. Weka ndoo juu ya mawe matatu, na beseni chini yake. Iwe kivulini, nje ya nyumba, mahali ambapo kuku hawafiki, maana kuku akiwaona nyungunyungu atawamaliza wote.

Ndani tandika majani makavu ya mgomba, nyasi kavu au magazeti yaliyochanwa vipande, kimo cha shubiri moja. Nyunyizia maji. Chukua konzi moja na uikamue: yakidondoka matone mawili au matatu, unyevu unatosha. Yakitiririka, umezidisha. Kumbuka nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Akikauka hufa, na akizama majini hufa pia.

Nyungunyungu utawapata wapi? Tafuta chini ya samadi ya ng’ombe iliyokaa muda mrefu, au chini ya mgomba uliooza. Chukua wale wadogo wekundu wanaokaa juu juu. Wale wakubwa wanaochimba chini sana waache shambani, hawapendi kuishi ndani ya ndoo. Konzi mbili zinatosha kuanza. Funika kwa gunia bichi, kwa sababu hawapendi mwanga.

Wape maganda yaliyokatwakatwa, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, na uyafukie kidogo. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika na maganda ya mayai yaliyosagwa huwafaa pia. Usiwape nyama, samaki, mafuta, maziwa, chakula chenye chumvi, ndimu wala pilipili. Ukisikia harufu mbaya, ujue umewalisha kupita kiasi au maji yamezidi. Acha kuwalisha kwa siku kadhaa, na uchanganye majani makavu. Siafu wakitokea, zungushia majivu chini, kuzunguka yale mawe.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo afya ya mtoto ilipo. Wako wanaosema kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Si kweli. Kina vijidudu vya kuharisha, na mtoto mwenye minyoo hutoa mayai kama mtu mzima. Mboji ya nyungunyungu haipati joto kali la kuua mayai hayo. Kwa hiyo usitie ndani ya ndoo hiyo kinyesi cha mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, wala cha mbwa, wala cha paka. Nepi pia usitie. Kinyesi cha mtoto kiende chooni. Mavi mabichi ya kuku pia yaache. Ukitumia samadi ya ng’ombe, iwe ya zamani, iliyokaa na kupoa.

Jambo lingine ni yale maji meusi yanayodondoka kwenye beseni. Ni mbolea. Kikombe kimoja changanya na vikombe 10 vya maji, umwagie udongo kwenye shina, si juu ya majani utakayokula. Lakini mama, usiyaweke kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda hujua ni soda. Na beseni limwagwe kila siku, maana mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji kidogo tu, na mbu nao huzaliana humo.

Baada ya kama miezi mitatu utaona mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo ulionyeshewa na mvua. Isukume upande mmoja, na uweke chakula kipya upande wa pili. Kwa wiki moja au mbili nyungunyungu watahamia kwenye chakula, nawe utachukua mbolea yako. Tia konzi moja katika kila shimo unapopandikiza miche. Kwa bustani ya gunia, changanya karai moja la mbolea na makarai matatu ya udongo. Hata anayeishi kwenye ploti ya kukodi anaweza kupanda gunia moja mlangoni.

Ukifanya kazi hii vaa viatu, na ukiwa na kidonda mkononi kifunike. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kumshika mtoto. Mboga zioshe kwa maji safi kabla ya kuzikata. Zipike kwa muda mfupi ukitia mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Mtoto wa miezi 6 mpondee mboga pamoja na kiazi au ugali laini.

Na dawa ya minyoo isisahauliwe. Mtoto akifikisha mwaka mmoja, apewe kliniki kila baada ya miezi 6. Nenda na kijitabu chake.

Basi tukumbushane. Maganda yaende kwa nyungunyungu. Kinyesi kiende chooni. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mboga ziende kwenye sahani ya mtoto. Ukishika hayo manne, yule nyungunyungu uliyemwogopa atakuwa mfanyakazi wako asiyedai mshahara.

Mwelezeni na jirani ambaye hana redio.