HASIRA INAFANYA NINI MWILINI?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Handeni na Korogwe)



Leo tuzungumze juu ya hasira. Hakuna asiyekasirika. Lakini je, tunajua hasira inatufanyia nini mwilini?

Tuchukue mfano wa Handeni. Mkulima anafika shambani alfajiri. Anakuta ng'ombe wameingia usiku. Mahindi yaliyoanza kubeba yamelala chini yote. Jasho la miezi mitatu limekwenda. Kwa mbali anamwona mchungaji. Na panga analo mkononi.

Ndani ya mwili wake kunatokea nini?

Ndani ya ubongo mna sehemu mbili ndogo, moja kulia, moja kushoto. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku. Zikiona hatari hupiga mbiu. Mbiu hiyo hufika kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi humwaga kwenye damu kichocheo kiitwacho adrenalini. Basi moyo hupiga mbio. Msukumo wa damu hupanda. Ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Mikono hutetemeka, mdomo hukauka. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo haya katika kitabu mwaka 1915. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Nguvu hizo zinamfaa mtu aliyekutana na simba. Lakini kwa mahindi yaliyokwisha kuliwa, zitasaidia nini?

Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine ya ubongo. Hiyo ndiyo mzee wa busara. Inapima, inafikiri ya kesho. Hasira ikiwa kali, kelele za mlinzi humzidi mzee. Ndiyo maana mtu husema baadaye, "Sijui nilipatwa na nini." Wakati huo yuko mahabusu, na mwenzake yuko hospitali.

Kule Korogwe akina mama hutuuliza: "Je, anayenyamaza na hasira yake moyoni, huyo amepona?" Jamani, hapana. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima watu wazima 280 wenye afya. Baadhi yao waliambiwa wakumbuke jambo lililowaudhi, kwa dakika 8 tu. Mishipa yao ya damu ikashindwa kutanuka vizuri, hata kwa dakika 40. Je, anayekumbuka usiku kucha, kila siku? Na mwenye shinikizo la damu ajihadhari zaidi. Katika saa 2 baada ya hasira kali, hatari ya moyo kushtuka au kupooza huongezeka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, weka panga chini. Ondoka mahali hapo. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo. Fanya hivyo mara 10. Usiende kilabuni. Pombe haizimi hasira, inaichochea.

Pili, dai haki yako. Hatusemi usamehe hasara. Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Chukua daftari. Andika tarehe, ukubwa wa shamba lililoliwa, na majina ya walioshuhudia. Mwite mtendaji wa kijiji na bwana shamba waje waone. Mahindi yanaweza kulipwa. Mkono uliokatwa haulipiki.

Tatu, ya nyumbani yasemwe, lakini yasemwe mkiwa mmetulia. Yakishindikana, waiteni wazee.

Nne, nenda zahanati ukapimwe shinikizo la damu. Likifika 140 kwa 90, siku zaidi ya moja, fuata ushauri wa mganga. Wengi wanalo na hawajijui.

Wahenga walisema, hasira hasara. Sasa tunajua hasara hiyo huanzia mwilini mwako mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Ukikasirika, unasikia nini mwilini?
2. Kijijini kwenu, ng'ombe wakila shamba, hatua ya kwanza ni ipi?
3. Nani kati yenu amepimwa shinikizo la damu mwaka huu?