Friza Isile Kipato cha Nyumba

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili)

Nimepewa dakika chache kuzungumzia friza ya nyumbani. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilimnunulia mama yangu friza kubwa iliyokwisha kutumika, ili auze barafu na kuhifadhi samaki. Bei ilikuwa ya chini, nami nikajipongeza. Baada ya miezi miwili alinipigia simu: "Mwanangu, hii friza yako inakula kuliko wajukuu." Nilipokwenda tulizima vitu vingine vyote, tukaandika uniti zilizobaki kwenye LUKU, tukaangalia tena baada ya saa 24. Zilikuwa zimekwenda uniti tatu, yaani uniti 90 kwa mwezi. Kabla ya hapo mama alikuwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, kundi ambalo hulipa bei nafuu. Friza peke yake ilimtoa katika kundi hilo, na faida yote ya barafu ikaishia kwenye umeme.

Ndugu zangu, tujifunze yafuatayo.

Kwanza, soma lebo kabla ya kuuliza bei. Tafuta kWh kwa mwaka; kWh moja ndiyo uniti moja. Friza iliyoandikwa 365 hutumia uniti moja hivi kwa siku, au 30 kwa mwezi. Penye joto kali, au ikifunguliwa mara kwa mara, itazidi hapo.

Pili, nunua ukubwa unaoujaza. Nafasi tupu nayo hupozwa kwa fedha yako.

Tatu, chagua inayofunguka juu. Hewa ya baridi ni nzito, hutulia chini mfuniko unapoinuliwa. Friza ya kusimama ikifunguliwa, baridi humwagika miguuni.

Nne, angalia herufi za hali ya hewa. ST imetengenezwa kwa joto la hadi nyuzi 38, na T hadi nyuzi 43. Kwa wenzetu wa tambarare na pwani hili ni muhimu.

Tano, angalia gesi. R600a haidhuru sana hali ya hewa, wakati R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa. Lakini R600a hushika moto, hivyo matengenezo yafanywe na fundi anayeifahamu.

Matunzo nayo yana sehemu yake. Weka friza mbali na jiko na jua, iache nafasi ya kupumua nyuma na pembeni. Bana karatasi kwenye mpira wa mfuniko. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Yeyusha barafu ya kuta kabla haijawa nene. Nyuzi 18 chini ya sifuri zinatosha. Umeme ukikatika usifungue: friza nzuri iliyojaa huweza kutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyo nusu saa 24.

Kwa wafadhili wetu naomba niseme kwa heshima. Tunashukuru kwa moyo wenu wa kutoa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Friza kuukuu ya bure hulipiwa kila mwezi na mjane aliyeipokea. Ni heri friza moja ndogo yenye lebo nzuri kuliko tatu kuukuu. Na kamati zetu, kabla ya kusaini kupokea, ombeni kipimo cha saa 24. Si kukosa shukrani; ni uwakili.

Friza ya mama tuliibadilisha kwa ndogo inayofunguka juu. Bado anauza barafu, na sasa faida inabaki mkononi mwake.