Kleist wa Kariakoo: Jina la Ukoo wa Kijerumani katika Mji wa Dar es Salaam



Katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani upo Mtaa wa Kleist Sykes. Wazee wengi bado wanauita Kipata, jina lake la awali, na mwenye haraka ya kwenda sokoni hana sababu ya kusimama kusoma kibao. Mimi naomba tusimame. Kleist ni jina la ukoo wa Kijerumani, tena la nadra hukohuko Ujerumani. Majina ya mitaa ambayo Wajerumani wenyewe waliyaandika mjini humu yalifutwa baada ya wao kushindwa vita. Barabara waliyoiita Unter den Akazien ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, na leo ni Samora. Jina hili lilipandishwa kwenye kibao baada ya wakoloni wote kuondoka, kwa heshima ya Mwafrika.

Hoja yangu ni kwamba uadimu wa jina hautokani na jina lenyewe. Unatokana na kanuni ya kulirithisha. Kleist limeishi chini ya kanuni mbili, moja ya Ujerumani na moja ya pwani yetu, na chini ya kila moja limekuwa na maisha tofauti kabisa.

Nianzie kwao. Ukoo wa von Kleist ni wa makabaila wa Pomerania, nchi iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, ambayo leo sehemu yake kubwa ni Poland. Kumbukumbu za ukoo zinarudi nyuma hadi karne ya 13. Walikuwa wenye mashamba, na vijana wao waliingia jeshi la Prussia kizazi baada ya kizazi. Ewald Georg von Kleist aligundua mwaka 1745 chupa ya kuhifadhia umeme, ingawa dunia imezoea kuiita kwa jina la mji wa Leiden, ambako wengine walifikia ugunduzi huohuo. Heinrich von Kleist, aliyezaliwa 1777 na kujiua 1811, ni miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa wa tamthilia na hadithi katika lugha ya Kijerumani. Jina lina sifa, basi. Lakini sifa ni jambo moja na wingi ni jambo jingine.

Litazameni pembeni ya jina la Schneider. Schneider ni mshonaji nguo. Jina la kazi huzaliwa mara nyingi, mahali pengi, bila watu hao kuwa na udugu wowote: kila kijiji cha Wajerumani kilichokuwa na mshonaji kiliweza kuanzisha ukoo wake wa akina Schneider. Ndiyo maana leo jina hilo ni la tatu kwa wingi Ujerumani, likitanguliwa na Müller, yaani msagaji, na Schmidt, mhunzi. Jina la ukoo wa kikabaila halina bahati hiyo. Linategemea nyumba moja na wana wa kiume wa nyumba hiyo.

Nyumba inaweza kuishiwa. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali hadharani: kwa nini koo zenye sifa hupotea? Kasisi na mwanahisabati Henry William Watson akamsaidia kulijibu, na kazi yao ikatoka 1874. Tafakari yao, ukiivua alama za hisabati, ni nyepesi. Jina likirithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake, basi kila kizazi ni hatari mpya. Asiyezaa, jina linaishia kwake. Aliyezaa mabinti watupu, jina linaishia kwake vilevile, hata akiwa na wajukuu thelathini. Kadiri vizazi vinavyopita, majina mengi yanakufa, na machache yaliyonusurika yanajaa nchi nzima. Tangu Januari 1876, sheria ya usajili ya Ujerumani iliandikisha vizazi, ndoa na vifo vyote kwa msajili wa serikali, na jina la ukoo likafungwa hapohapo, herufi kwa herufi. Kisha ikaja vita ya Hitler. Ewald von Kleist-Schmenzin, aliyempinga Hitler tangu mapema, alikatwa kichwa Aprili 1945. Paul Ludwig Ewald von Kleist, jemadari mkuu aliyemtumikia Hitler, alifia kifungoni kwa Warusi 1954. Sehemu kubwa ya Pomerania ikapewa Poland, Wajerumani wa huko wakafukuzwa, na jina likaondoka katika ardhi iliyolilea kwa miaka 700.

Wakati huo huku kwetu jina lilikuwa limeshapata wajukuu.

Mwaka 1889 afisa Mjerumani Hermann von Wissmann alitumwa kuja kuzima vita ya pwani iliyoongozwa na Abushiri bin Salim. Alikusanya askari Wasudani kutoka Misri, na kutoka Msumbiji ya Wareno akachukua watu ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, wengi wao Washangaan wa upande wa Inhambane. Miongoni mwao alikuwamo Sykes Mbuwane, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa mtu tunayemjua kama Affande Plantan. Desemba ya mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Tusiifunike historia hii: wazee hao waliletwa kuwapiga watu wa pwani, na baadaye wakapelekwa Uhehe kumpiga Mkwawa. Sykes Mbuwane hakurudi. Alizama katika Mto Ruaha wakati wa kurejea kutoka vita hiyo.

Alikuwa ameacha mtoto wa kiume, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Mtoto aliitwa Kleist. Jina lilimfikia kupitia jeshi alilolitumikia baba yake, na hapo ndipo lilipobadilika hali. Kule Pomerania hakuna aliyezaliwa akapewa jina la Kleist. Mtu alilikuta nyumbani, akalivaa bila kuulizwa. Pangani lilichaguliwa na kupewa mtoto mmoja, likawa lake mwenyewe kama Juma lilivyo la Juma.

Mtoto alilelewa na Affande Plantan, akaitwa Kleist Plantan. Na katika nyumba hiyo ya Plantan alikuwamo kijana mwingine, mtoto wa mwenye nyumba, ambaye jina lake ni hazina kwa mtu anayechunguza majina kama mimi. Aliitwa Schneider. Schneider Abdillah Plantan, huyuhuyu ambaye wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka katika siasa za kudai uhuru, ndugu yao Thomas Plantan na Ramadhan Mashado Plantan, mhariri wa gazeti la Zuhra.

Ujerumani, Kleist na Schneider wako mbalimbali kabisa: mmoja wa nyumba chache, mwingine wa mamia ya maelfu, mmoja wa kabaila, mwingine wa fundi. Katika nyumba moja ya askari wa Kiafrika majina hayo yalikaa sahani moja. Hayakuwa na cheo wala wingi wa kuzidiana. Yalikuwa majina ya vijana wawili waliokua kama ndugu, na ambao wote walipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba uadimu wa jina hausafiri na jina. Unabaki kwenye daftari la nchi lilikotoka.

Ukubwani Kleist aliliacha jina la Plantan akashika la baba yake mzazi. Akawa Kleist Sykes. Angalieni kilichotokea. Kwa Wajerumani Kleist ni jina la ukoo. Kwake likawa jina la kwanza. Sykes, ambalo Uingereza ni jina la ukoo, kwa baba yake lilikuwa jina la kwanza, kwani ukoo wake ni Mbuwane. Kwa mwana likawa jina la baba, na kwa wajukuu likawa jina la ukoo. Majina mawili ya Ulaya yalipita katika kanuni yetu ya kumwita mtu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kanuni ikayapangia nafasi mpya bila kuwauliza wenyewe wa Ulaya.

Aliyelibeba jina hilo hakuwa mtu wa pembeni. Baada ya vita Kleist Sykes alifanya kazi katika reli ya Tanganyika. Mwaka 1924 alimwona Dokta Aggrey, mwanaelimu wa Achimota katika Ghana ya leo, alipopita Dar es Salaam na tume ya elimu, na mazungumzo yao yalimgusa. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola na yeye Kleist akiwa katibu. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya, na akaingia pia katika chama cha wafanyabiashara Waafrika. Alifariki 1949. Kabla ya hapo aliandika kumbukumbu za maisha yake, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika sura inayomhusu katika kitabu alichohariri John Iliffe mwaka 1973. Tuna deni kubwa kwa mjukuu huyo, na kwa Mohamed Said, ambaye kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes kilichotoka 1998 kiliirudisha familia hii katika masimulizi ya uhuru.

Watoto watatu wa kiume wa Kleist walibeba jina lake katikati: Abdulwahid Kleist Sykes, Ally Kleist Sykes, Abbas Kleist Sykes. Katika vita ya pili Abdulwahid na Ally walikuwa askari wa Uingereza, wakapelekwa Burma. Fikirini hali hiyo. Katika vita hiyohiyo, upande wa Hitler jemadari von Kleist aliongoza majeshi huko Urusi, na upande wa Uingereza vijana wa Dar es Salaam wenye jina hilohilo wakiwa msituni Asia. Waliporudi, Abdulwahid akawa mkuu wa Soko la Kariakoo. TANU ilipoasisiwa Julai 1954 katika nyumba ya New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, kadi namba 1 ilikuwa ya Julius Nyerere, namba 2 ya Ally, namba 3 ya Abdulwahid.

Kwa kanuni ya Galton na Watson, Kleist lingekuwa bado hatarini hapo. Kwa desturi ya majina matatu lilipaswa kutoweka kabisa: mtoto wa Abdulwahid ataitwa jina lake, kisha Abdulwahid, kisha Kleist, mtoto wake yeye hatalibeba tena. Ni hivyo ambavyo majina ya mababu zetu wengi yametuponyoka, na wengi mlio humu ukumbini hamwezi kunitajia jina la babu wa babu. Lakini pwani ina desturi ya pili inayorekebisha ya kwanza, nayo ni kumrithisha mjukuu jina la babu. Abdulwahid alimpa mwanawe jina la Kleist. Jina likatoka mwisho wa mstari likarudi mwanzo. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kleist Sykes huyo wa pili alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam.

Desturi hii ina nguvu ambayo kanuni ile ya Ujerumani haikuwa nayo. Binti anaweza kumpa mwanawe jina la baba yake mzazi. Mpwa anaweza kupewa. Jirani aliyetendewa wema anaweza kuomba jina hilo kwa ajili ya mtoto wake, na hakuna msajili wa kumkatalia. Jina linaweza kukaa kimya kizazi kizima, kisha likarudi. Watson angehitaji hesabu nyingine kabisa kuja kufanya kazi Gerezani.

Hapa nawageukia wanafunzi wangu wa takwimu na isimu. Wenzetu wa vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz, wakiongozwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling, wametengeneza atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani kwa kutumia orodha za wenye simu za mezani za mwaka 2005. Ni kazi iliyotukuka. Inakuonyesha jina limejaa wapi na limekauka wapi. Ikiletwa hapa kama ilivyo, itashindwa. Ukilitafuta Kleist katika safu ya jina la ukoo katika orodha zetu, familia hii yote haitaonekana. Itatokea kwenye S. Kleist limo katika safu ya kwanza kwa babu, ya pili kwa wana, na ya kwanza tena kwa mjukuu, na kompyuta inayosoma safu ya mwisho tu itakuambia kwa uhakika kwamba jina hilo halipo Dar es Salaam, wakati mtaa mzima unaitwa hivyo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ofisi zetu sasa zinaingiza majina ya watu kwenye mifumo iliyotungwa kwa desturi za Ulaya, yenye chumba kimoja kilichoandikwa jina la ukoo. Kijana wa Kariakoo analazimika kuamua dirishani, mbele ya karani, kama ukoo wake ni jina la babu, la kabila au la nyumba. Uamuzi wa dakika moja unafunga jina kama sheria ya 1876 ilivyoyafunga majina ya Wajerumani. Familia ya Sykes ilifanya uamuzi huo yenyewe, taratibu, kwa vizazi viwili, ikabakiza Sykes mwishoni na kuacha Kleist litembee. Wengi hawapati nafasi hiyo.

Idara yetu itaanza na Gerezani na Kariakoo, kwenye nyumba za wajukuu wa askari wale wa 1889, Wazulu na Wasudani. Tutaandika majina manne na matano, si matatu, ya upande wa mama na ya upande wa baba, pamoja na habari ya nani alimpa nani jina na kwa sababu gani. Vitabu vya misikiti, daftari za mishahara ya reli na daftari za vizimba vya sokoni tutazisoma kwa safu zote. Kwenu wazee mlio hapa, nawaomba mbaki kidogo tukimaliza. Vijana wamekuja na madaftari, na wameagizwa kuanza kwa kuuliza jina la babu wa babu.