Warusha Droni, Tahadharini na Mwewe na Viboko
Wapiga picha wa Busia na Malaba, mwewe hufuata mabaki ya nyama sokoni, na droni ikimkaribia huweza kuidhania adui. Akiigonga, itaangukia watu au foleni ya malori mpakani. Kagua anga kabla ya kurusha. Mwewe akija, ipandishe droni wima bila kupita mita 120, kisha irudishe akiondoka. Mkienda Bunyala kupiga picha za ziwa, msiishushe karibu na viboko. Wakishtuka, atakayeumia ni mvuvi au mkulima. Kwanza kabisa, pateni kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Picha mtapiga tena kesho, uhai haurudi.