"Huenda" Si Uongo: Radi za Tororo na Busia



Leo hatukuja kwa habari za wezi wala za magendo, bali kwa habari za mbingu. Mji wa Tororo unajulikana duniani kwa jambo moja: kati ya mwaka 1967 na 1976, ngurumo zilisikika huko kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Na mawingu hayana pasipoti, hayasimami mpakani.

Chanzo ni jirani yetu, Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani. Ukikutana na pepo za mashariki na miinuko ya Mlima Elgon, hewa hupanda na mawingu mazito hujengeka alasiri. Wingu la namna hiyo huweza kuzaliwa na kwisha kwa muda wa saa moja au mbili. Ndiyo sababu wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda na wa Kenya husema "huenda". Hawawezi kutaja soko wala shamba litakalopigwa.

Tunawasikia wengi wakisema, "Jana walitutisha, wala haikunyesha." Ndugu zetu, mlinzi aliyekesha asimwone mwizi hakulinda bure.

Utabiri hutupa siku. Ngurumo hutupa saa. Mwonapo umeme, hesabuni hadi msikie mlio: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zisipofika sekunde 30, ingieni ndani, wala msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ndani ni wapi? Ni katika nyumba imara yenye kuta, au katika gari lililofungwa madirisha. Si chini ya mwembe, wala chini ya kibanda cha sokoni. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo, radi iliwapiga waumini waliokuwa katika ibada chini ya jengo la mabati. Watu 14 walikufa na 34 wakajeruhiwa.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Msiogope kumgusa. Ikiwa hapumui, mkandamizeni kifua mfululizo, na mmoja wenu apige simu 999, awe Uganda au Kenya.

Tunawaomba walimu wakuu, viongozi wa masoko na makocha wa timu: ngurumo ikisikika, msingoje amri yetu. Vunjeni mchezo, simamisheni biashara. Mvua ikipita pembeni, mtakuwa mmepoteza saa moja, na saa hufidiwa. Mtoto aliyeachwa uwanjani hafidiwi.