Mwari, Piko na Mkorogo: Kemikali Zinazomgusa Msichana Anapovunja Ungo



Hapa Malindi mtoto wa kike akivunja ungo, habari humfikia somo wake kabla ya baba. Somo humfunza usafi, stara na namna ya kujitunza. Nimekuja kuomba mafunzo hayo yaongezwe jambo moja: kemikali zinazomgusa mwari katika miaka ile, kwani madhara yake huweza kujitokeza akiwa mtu mzima.

Kwa nini miaka ile hasa? Titi linapochomoza, mara nyingi kati ya miaka 8 na 13, mirija ya maziwa huchipua matawi na seli zake hugawanyika kwa kasi. Hitilafu ikiingia wakati huo, seli zinazofuata huirithi. Kule Hiroshima na Nagasaki, waliopigwa na mionzi mwaka 1945 wakiwa wasichana walikuja kuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti kuliko waliokuwa wamepita miaka 40.

Kwa upande wa kemikali, ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Oakland, Marekani. Kati ya 1959 na 1967 kina mama walitolewa damu, ikahifadhiwa. Barbara Cohn na wenzake waliipima na mwaka 2007 wakatoa matokeo: waliokuwa hawajafika miaka 14 dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoanza kuenea mwaka 1945, na damu yao ikawa na DDT nyingi, walikuwa na hatari mara tano ya kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 50. Wenzao waliokuwa wamekwishapita umri huo hawakuonyesha uhusiano wowote. Dawa ni ile ile, umri ndio uliotofautisha.

Miaka hiyo hiyo, hadi 1968, nyumba za Unguja na Pemba zilipulizwa DDT katika kampeni ya kutokomeza malaria. Simlaumu aliyeshika bomba. Malaria ilikuwa ikizika watoto. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1960 ni bibi yetu leo, na akisema ana uvimbe titini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye piko, na hapa nitakaa kidogo. Mpwa wangu alipakwa piko sikukuu ya Idi akiwa na miaka 12. Hakuwashwa. Akapakwa Idi nyingine, na nyingine. Alipokuwa na miaka 24, siku mbili kabla ya harusi yake, alitia rangi nyeusi kichwani. Alfajiri macho yalikuwa yamevimba hayafunguki. Piko ni rangi ya nywele, na weusi wake hutokana na parafenilenidiamini. Mwili ukishaijua kemikali hiyo kuwa adui, hauisahau maisha yote, na huweza kukataa hata rangi fulani za nguo na baadhi ya dawa za ganzi. Nchi za Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, lakini haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Sisi twaichora viganjani mwa watoto.

Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao huanza umri huo huo, msichana akiambiwa hajang'ara. Krimu nyingine huwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini. 32 kati yao walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hao walikuwa watu wazima. Mwari anayeanza na miaka 13 ana miaka mingi zaidi ya kujipaka mbele yake.

Nikirudi kwenye michoro ya viganjani, hina ya majani, mnaijua wenyewe, hutoka rangi ya chungwa, kisha kesho yake ikaiva kuwa kahawia. Haitoki nyeusi tii kwa nusu saa. Kwa hiyo naomba kila somo aliyeketi hapa, siku atakapoitwa kwa mwari mwingine, aende na bakuli la hina na paketi ya piko, aviweke mkekani, na amsomee mtoto yaliyoandikwa kwenye ile paketi.