Juu ya Mavazi Yetu, ya Kale na ya Sasa

(Maneno ya katekista mbele ya waalimu na Wakristo, katika siku za Jubilei)



Nimeagizwa niseme juu ya mavazi. Huenda mtu atadhani ya kuwa neno hili ni dogo, halifai kusemwa wakati tunapomshukuru Mungu kwa kazi kubwa ya wazee wetu. Walakini tangu ilipotangazwa sikukuu hii, neno linalosemwa sana vijijini si sala wala mafungo, ni nguo. Wazee wauliza kama yafaa binti aliyevaa suruali aingie kanisani. Vijana wauliza kwa nini kanzu na kanga ziitwe nguo za heshima, na jinzi iitwe uhuni. Tena wako wengine, ambao sauti zao hazisikiki, wauliza watafanyaje, maana hawana fedha ya kununua kitenge cha Jubilei. Basi nitasema maneno matatu, nanyi mtayapima.

Neno la kwanza ni hili: katika pwani hii nguo imekuwa alama ya cheo cha mtu tangu zamani sana.

Waalimu, mkiwapeleka watoto Kilwa Kisiwani kutazama magofu, waambieni pia habari za pamba. Katika miaka ya 1960 wachimbuaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Neville Chittick, waliona huko vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, navyo vilikuwa vya kusokotea uzi. Yaani watu wa Kilwa walijua kusokota pamba yao wenyewe kabla meli ya Ulaya haijaonekana, na nguo nyingine waliletewa na wafanyi biashara wa Bara Hindi. Kisha Wareno walikuja kuushambulia mji mwaka 1505. Mtu mmoja aliyesafiri pamoja nao aliandika jinsi alivyowaona watu: watumwa walijifunga nguo moja tu, toka kiunoni hata magotini, waungwana walikuwa na nguo mbili, moja toka kiunoni hata miguuni, na ya pili mabegani. Tazameni, ndugu zangu. Mgeni wa siku chache, asiyejua lugha yetu, aliweza kumtenga mtumwa na bwana kwa kuangalia nguo.

Mambo hayo hayakwisha upesi. Katika karne ya 19 Waamerika walileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi, mababu wakaiita merikani. Nguo hiyo ilikwenda bara hata ikawa kama fedha, watu wakanunulia pembe, na chakula, na hata binadamu wenzao. Misafara iliyowaleta watu hao ilishukia Kilwa Kivinje. Waliobaki utumwani huku pwani walijulikana kwa kaniki, nguo ya nili iliyo karibu na nyeusi. Kofia na viatu havikuwa vya mtumwa mbele ya bwana wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini sheria ya kukomesha utumwa wenyewe katika Tanganyika haikuja mpaka mwaka 1922. Huko Unguja, ambako sheria ilitangulia mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi na maua. Aliyewaona njiani angeweza kusema, Hawa wapenda anasa. Lakini haikuwa anasa. Walikuwa wakisema kwa nguo, Sisi ni watu.

Tena tusisahau jasho lililo katika nguo. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wadachi kuilima, na hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Basi nguo ya mmoja yaweza kuwa mzigo wa mwingine, na yafaa mwenye kuivaa akumbuke.

Neno la pili: hakuna kabila lenye vazi ambalo halikubadilika kamwe.

Sisi wa nchi hii ni Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wangindo, Wamatumbi, Wamachinga, na wengine waliotoka mbali. Mjerumani Karl Weule alipopita bara ya Lindi mwaka 1906, aliwapiga picha bibi zetu wenye ndonya katika mdomo wa juu na chale usoni. Mgeni alishangaa, lakini kwa bibi yule, ndonya ilikuwa heshima ya mwanamke kamili. Wajukuu zake wameiacha, wala hawakuacha kuwa Wamakonde au Wamwera. Na kanga, ambayo leo twaiita vazi la asili, ilipoanza katika karne ya 19 ilikuwa mtindo mpya wa mjini: wanawake waliunganisha leso za dukani, wakapata nguo moja kubwa. Kitenge nacho kina safari yake, maana Waholanzi waliiga batiki za watu wa Java, wakaziuza Afrika. Na kanzu je? Shehe huivaa msikitini, na mtumishi wa altare huivaa kanisani. Tukisema kanzu ni ya Waislamu peke yao, tutawavua watumishi wetu. Tukisema ni yetu peke yetu, tutawadhulumu jirani zetu.

Kwa hiyo tuogope kuhukumu upesi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Katika Dar es Salaam wasichana wengine walivamiwa na kutukanwa mbele ya watu. Na katika miaka ile ile Wamasai walihimizwa waache rubega zao wavae kama watu wa mjini. Fikirini jambo hili. Msichana alilaumiwa kwa kuiga mno mambo ya kigeni, na Mmasai alilaumiwa kwa kushika mno mambo ya kale. Kila mmoja aliambiwa, Vazi lako laiaibisha nchi. Nani basi angaliweza kuvaa akasifiwa?

Vijana, msifurahi mapema. Ninyi nanyi ninalo neno lenu. Tangu biashara ya mitumba ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, nguo za ng'ambo zimejaa masokoni, na maskini amepata shati kwa bei nafuu, tushukuru. Lakini si kila kinachotoka katika robota chafaa kila mahali. Kuna nguo ya shambani, ya mpirani, ya msibani, na ya sala. Anayevaa ili atazamwe yeye, wakati watu wamekuja kumtazama Mungu, amepotea, ingawa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi mtu avaeje? Waalimu, wafundisheni watoto wajiulize maswali matatu mbele ya nguo. La kwanza: Je, yanisitiri kwa kazi na mahali ninapokwenda? La pili: Je, imelipiwa, au nimemkopa mtu na kuwanyima chakula walio nyumbani? La tatu: Je, naivaa ili nimdharau asiye nayo? Mwenye kuyajibu vema, iwe amevaa jinzi au kanga, buibui au rubega, na tumwache aende kwa amani.

Neno la tatu ni la Jubilei yetu yenyewe, nami nalisema kwa heshima.

Kitenge cha Jubilei ni kizuri, nami nawasifu waliokichagua. Watu wa makabila mengi wakivaa rangi moja, macho hufurahi na moyo huona kwamba sisi ni jamaa moja. Lakini katika kijiji kimoja mama mkulima wa ufuta, aliyefagia kanisa miaka mingi, aliniambia, "Mwalimu, mimi siji. Wenzangu wote watakuwa kanga, na mimi nitakuwa kuku katikati yao." Waliokuwapo walicheka kwa mfano ule. Walakini Jumapili iliyofuata mama hakuja, wala ya pili yake.

Ndugu zangu, tukimpoteza mama huyu, tutakuwa tumerudisha kaniki kwa jina jingine. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza wasimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame kule. Askofu Steere alipofika Lindi mwaka 1876, akaenda bara hata Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, hakuna aliyewauliza watu wale sare yao. Na siku ya ubatizo Kanisa lilituvika sote vazi jeupe. Halikuuliza kabila wala mfuko wa baba.

Nawaomba mambo mawili. Wazee wa mlangoni, asirudishwe mtu kwa sababu hana sare. Akija amevaa kwa adabu, apewe nafasi pamoja na wengine, si nyuma. Nanyi mama zetu, mnajua kanga huuzwa doti, yaani pande mbili, na tangu zamani mwenye doti hukata akampa mwenzake upande mmoja. Fanyeni hivyo kwa kitenge hiki. Upande mmoja watosha kujitanda. Mwenye nacho amtafute asiye nacho kabla ya sikukuu, kimya kimya, bila kutangaza, ili siku ile asijulikane aliyetoa wala aliyepewa.

Mungu aibariki Jubilei yetu, atuvike sote upendo. Amina.